Pointi zikikaribia kufa, tapeli hupiga hodi

Simu iliingia saa nne asubuhi, siku ya kazi, na mtu wa upande wa pili akanitaja majina yangu yote mawili. Alijua hoteli niliyonunua pointi zangu za likizo, zile za taimushea ambazo mtu hulipia vyumba na anaweza kumkodishia mwingine. Alijua zimebaki ngapi. Kisha akataja tarehe, na hapo nikaacha nilichokuwa nafanya, nikakaa chini. Alijua kwamba pointi zile zinakufa baada ya wiki saba.

"Mama, usiwe na wasiwasi, mpangaji ninaye," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutuliza watu. "Ni kampuni, inaleta wafanyakazi wake kwenye mkutano. Watachukua pointi zako zote. Wewe unalipia usajili tu, na hiyo hela utarudishiwa pamoja na pango lako."

Nikalipa. Wiki iliyofuata akapiga tena. Mkataba umeshasainiwa, alisema, pango liko kwenye akaunti ya amana, limebaki sharti moja dogo: kodi ya serikali ilipwe kabla hela haijaachiwa. Nikalipa tena. Alipokuja mara ya tatu na ada ya kuhamisha fedha, nikamwomba aikate hukohuko kwenye hela zangu anazozishikilia, inayobaki anitumie. Akanyamaza kidogo, halafu akasema sheria hairuhusu. Ukimya ule ndio ulioniamsha. Mtu ana maelfu ya dola zangu mkononi, sasa hizi mia chache anazitaka zitoke mfukoni kwangu kwa nini?

Namba yake haikupatikana tena. Pointi zikafa siku yake ilipofika. Ada ya matengenezo ya mwaka ule niliilipa kama kawaida, maana yenyewe haiulizi kama ulilala kwenye kitanda chao au hukulala.

Tangu hapo nimekodisha pointi zangu miaka kadhaa mfululizo na sijapoteza hata senti, na watu wananiuliza njia. Karibu wote huuliza jinsi ya kumtambua mpangaji mwongo. Nitafika huko. Lakini mimi huanzia kwenye kalenda, kwa sababu kilichoniponza mwaka ule ni zile wiki saba. Mwenye pointi zenye miezi kumi mbele yake anaweza kusikiliza maneno matamu, akasema "ngoja nifikirie", akakata simu. Mwenye wiki saba anataka kuamini.

Kwa ambaye hajawahi kuwa nazo: taimushea ni kununua haki ya kukaa kwenye hoteli ya likizo kwa muda fulani kila mwaka, kwa miaka mingi au hata maisha, huku ukilipa ada ya matengenezo mwaka hadi mwaka. Zamani ulinunua wiki, mara nyingi chumba kilekile na tarehe zilezile. Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI huko Marekani, kazi yake kuwabadilishia watu wiki zao, wa baharini aende mlimani na wa mlimani aje baharini. Pointi zikaja kulegeza mambo zaidi. Disney ilipoanzisha klabu yake ya likizo mwaka 1991, ilianza na pointi. Kila mwaka unawekewa fungu lako na unalitumia kama sarafu. Chumba kikubwa wiki ya sikukuu kinakula pointi nyingi, chumba kidogo cha studio katikati ya wiki msimu wa wageni wachache kinakula kidogo.

Tatizo ni kwamba sarafu hii inaoza. Kwenye klabu hiyo ya Disney, pointi ambazo hukuzitumia unaweza kuzisogeza mwaka unaofuata, ila lazima uziombee ndani ya miezi 8 ya kwanza ya mwaka wako wa matumizi, yaani mwaka unaohesabiwa tangu unapowekewa fungu lako. Ukipitisha hapo, ni kuzitumia kabla mwaka haujaisha au kuziaga. Zikishasogezwa mara moja, hazisogezwi tena. Klabu nyingine zina tarehe zao na masharti yao, lakini sijaona ambayo pointi zake hazina mwisho.

Kuweka nafasi nako kuna zamu. Kwa mfano huohuo wa Disney, mwenye pointi anaruhusiwa kushika chumba kwenye hoteli yake ya nyumbani, yaani ile aliyonunulia pointi, miezi 11 kabla ya safari, na kwenye hoteli nyingine za klabu miezi 7 kabla. Ukilitazama hili kwa jicho la mkodishaji, ndipo biashara yenyewe inapoonekana. Miezi 11 kabla, pointi zako zinaweza kushika wiki ya Krismasi, chumba ambacho watu wanakigombania na wako tayari kukilipia vizuri. Wiki saba kabla ya kufa, pointi hizohizo zinaweza kushika yaliyobaki tu. Mpangaji halisi analijua hilo, kwa hiyo hapigi simu. Anayepiga simu wakati huo, akataka pointi zote kwa bei nzuri bila kuuliza tarehe wala chumba, hajali chumba. Hilo nililikosa kabisa siku ile. Yule bwana hakuniuliza hata mara moja wageni wake watalala wangapi.

Kwa hiyo sasa nina tarehe tatu kwenye kalenda ya ukutani, zimezungushiwa wino mwekundu: siku mwaka wangu wa matumizi unapoanza, siku ya mwisho ya kusogeza pointi, na siku zinapokufa. Siku ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Ikifika mwezi mmoja kabla yake na sijapata mpangaji ninayemridhia, nazisogeza na kulala usingizi. Sisubiri muujiza.

Sasa yule aliyenipigia. Alijuaje pointi zangu? Kwa muda mrefu nilidhani niliropoka mahali. Kisha Julai 2024 taasisi tatu za Marekani, wapelelezi wa FBI pamoja na FinCEN (inayofuatilia fedha za uhalifu) na OFAC (inayosimamia vikwazo) za Wizara ya Fedha, zikatoa onyo la pamoja kuhusu utapeli wa taimushea za Meksiko. Walieleza kuwa kundi la kihalifu la Jalisco Nueva Generación, lenye mizizi mirefu Puerto Vallarta, mji wa watalii wa huko Meksiko, linaendesha vituo vya simu kwa ajili hiyo, na kwamba taarifa za wamiliki huzipata kwa watu wa ndani ya hoteli zenyewe. Kati ya 2019 na 2023, Wamarekani wapatao 6,000 walitoa taarifa kuwa wamepoteza karibu dola milioni 300. Pointi zangu haziko Meksiko na sijui nani alinitapeli mimi. Lakini nilipomaliza kusoma, aibu niliyokuwa nimeibeba ilipungua. Hawa ni watu wanaokwenda kazini asubuhi kukutafuta wewe, na faili lako liko mezani kwao kabla hujasema haloo.

Onyo lile lilieleza jambo jingine, na hili naomba ulishike. Aliyelizwa mara moja hupigiwa tena. Safari hii anayepiga ni "wakili", au "afisa wa serikali", na habari ni njema: wezi wamekamatwa, hela yako imepatikana, lipia tu gharama ya kuifungua. Mimi nilipigiwa miezi mitano baadaye. Alinitajia hadi kiasi nilichoibiwa, senti kwa senti. Nani mwingine angekijua?

Sheria ninayofuata tangu hapo ni fupi: anayetaka kunilipa, sitamlipa. Hakuna ada ya usajili, hakuna kodi ya kutanguliza, hakuna gharama ya kufungua fedha. Madalali wa kweli wa pointi wapo, na baadhi ni wazuri sana. Dalali wa kweli anakata chake kwenye pango lililolipwa na mgeni. Kawaida anakutumia sehemu kubwa ya hela nafasi ikishawekwa, na kilichobaki mgeni akishaingia chumbani. Pango lisipopatikana, naye hana alichopata. Ukimwelewa mtu huyo anakula wapi, umeshajua kama ni dalali au tapeli.

Matapeli wa aina ya pili hawapigi simu. Hawa huja kama wapangaji. Nilikutana nao nikiwa nimeshaumwa na nyoka, na bado nilikaribia kuingizwa mjini tena. Mwanamume mmoja aliniandikia barua pepe nzuri, anatafuta chumba cha siku nne kwa ajili ya wazazi wake. Tulikubaliana dola 1,150. Hundi ikaja kwa posta, karatasi nzito, nembo ya benki imetulia, imeandikwa dola 3,900. Saa moja baadaye ikaja barua pepe: samahani sana dada, karani wangu amejumlisha na hela ya wakala wa usafiri, tafadhali iweke benki, uchukue yako na mia moja ya usumbufu, inayobaki umtumie wakala leo maana tiketi zitapanda bei.

Nilikwenda nayo benki. Yule binti wa dirishani alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Aliipindua hundi, akaisogeza kwenye mwanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu aliyekupa unamfahamu?" Nikamwambia ni mpangaji. Akaniuliza, "Na amekuomba umrudishie chenji?" Sikuwa nimemwambia habari ya chenji. Alijua tu.

Akanieleza kitu ambacho kila mwenye chochote cha kukodisha anapaswa kukielewa. Ukiweka hundi, benki inaweza kukuonyesha hela kwenye salio ndani ya siku moja au mbili. Kuonekana kwenye salio siyo kulipwa. Hundi bado iko safarini kwenda benki iliyoitoa, na wiki zinaweza kupita kabla haijajulikana kuwa ni feki. Ikirudi, benki inachukua hela yake yote kutoka kwako, pamoja na ile uliyokwisha kumtumia "wakala" kwa mkono wako mwenyewe. Tapeli anaishi ndani ya siku hizo katikati ya salio kuonekana na hundi kurudi. Ndiyo maana chenji huwa inatakiwa leo.

Ile hundi ninayo mpaka sasa. Ukiitazama kwa karibu, nembo ya benki iko sawa kabisa, lakini jina la mtaa wa tawi limekosewa herufi moja.

Basi hela nipokee vipi? Hapa mawazo yanatofautiana na mimi nitasema langu. Siwaambii watu wanitumie kwa ile njia ya ndugu na marafiki ya PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, ili kukwepa makato. Njia hiyo haimlindi mnunuzi kabisa, na mpangaji mwenye akili ataona nimemwomba avue koti kwenye baridi. Nachukua malipo ya kibiashara, makato nayaingiza kwenye bei tangu mwanzo. Kadi za zawadi na sarafu za mtandaoni sizigusi, kupokea wala kutoa.

Kuna jambo la tarehe hapa ambalo sikulisikia kwa mtu, nililigundua nikiwa na kalenda mkononi. PayPal inampa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kufungua malalamiko. Mgeni akilipa yote miezi 11 kabla ya safari, kinga yake inaisha miezi mitano kabla hajashika funguo. Mgeni makini anaogopa hilo, na ana haki. Kwa hiyo nachukua nusu siku ninayoweka nafasi, na nusu ya pili miezi mitatu kabla ya safari. Nusu ya pili inaangukia ndani ya kinga yake. Kwangu mimi inaangukia kabla ya tarehe ya mwisho ambayo nikifuta nafasi bado napata pointi zangu zikiwa na uhai. Asipolipa, nafuta, natafuta mwingine. Masharti haya yote yameandikwa kwenye mkataba wa kurasa mbili ambao tunausaini kabla sijagusa pointi: majina ya wote watakaolala, tarehe, aina ya chumba, nani analipia uharibifu, na nini kinatokea akiahirisha. Hili la uharibifu usilipuuze. Hotelini jina la mgeni ndilo lililo kwenye nafasi, lakini akivunja televisheni na kuondoka, hoteli itamkumbuka mwenye pointi.

Mpangaji naye anaogopa kulizwa, na hofu yake ni kubwa kuliko yangu. Nafasi iko kwenye akaunti yangu, nikiamua kuifuta usiku wa manane yeye atajua akifika mapokezi na watoto wake na mabegi. Kwa hiyo nikishaweka nafasi kwa jina lake, nampa namba ya uthibitisho na kumwambia: piga simu hotelini wewe mwenyewe, namba ya simu itafute mwenyewe, usichukue kwangu. Wenye nia mbaya hawapigi hiyo simu, hawana haja. Wapangaji wa kweli hupiga, tena mara mbili, na mimi huwapenda kwa hilo.

Namba ya uthibitisho natoa, neno la siri la akaunti sitoi. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu kuna wanaojiita wasimamizi wa pointi. Wanakuahidi kukulipia ada yako ya mwaka na kukupa na faida juu, mradi uwakabidhi akaunti. Akaunti ikishakuwa kwao wanaweza kuweka nafasi kwa majina ya watu usiowajua, na mahali klabu inaporuhusu kukopa pointi za mwaka ujao, wanakopa na hizo. Siku wakitoweka, mkataba una jina lako, ada inakuja kwako, na fungu la mwaka ujao limeshaliwa. Namfahamu mama mmoja mtu mzima aliyewakabidhi wa namna hii miaka miwili. Mwaka wa kwanza walimlipa vizuri. Mwaka wa pili aligundua hata anwani yake ya barua pepe imebadilishwa kwenye akaunti, asipate taarifa. Vilevile, ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu yako, anayeiomba kwa sababu yoyote ni mwizi.

Kabla ya yote hayo, soma kanuni za klabu yako. Klabu nyingi zinamruhusu mwanachama kukodisha mara mojamoja na zinakataza kuifanya biashara kubwa. Nyingine zinadai ulipie cheti cha mgeni kabla mtu asiye mwanachama hajapokelewa. Na nafasi uliyoipata kwa kubadilishana kupitia RCI au Interval International, kampuni nyingine ya kubadilishana, hairuhusiwi kukodishwa, hata kama pointi ulizotoa ni zako halali. Wanaweza kuifuta. Hapo mgeni wako anafika mapokezi, hana chumba, na kwake yeye tapeli ni wewe. Mapato yenyewe nayo yana kodi ya serikali, ambayo unamlipa mtoza kodi mwenyewe ukishapata hela, siyo mtu wa kwenye simu kabla hujaipata.

Mwaka huu nilimkodishia dada mmoja na familia yake, siku sita. Alinichosha kwa maswali. Alitaka kuona mkataba mara tatu, alipiga hotelini, akapiga tena baada ya wiki mbili kuhakikisha nafasi bado ipo, akaomba tuonane kwa video aone uso wangu. Nilimwonyesha uso na kalenda ya ukutani nyuma yangu na wino wake mwekundu. Nusu ya pili aliilipa siku mbili kabla ya tarehe.

Siku ya safari sikutoka na simu mbali. Saa kumi jioni ujumbe ukaingia: "Dada, tumefika. Tumepewa chumba cha ghorofa ya tatu, watoto wameshakimbilia kwenye bwawa." Nikamjibu, nikachukua kalamu, nikakata ile tarehe ya tatu kwenye kalenda. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja kabla yake, na sikuwa na pointi hata moja ya kufa.